Miwani ya Mwalimu

Juu ya kibanda cha Ciakuthii pale Nchiru, karibu na mabweni ya wanafunzi wa chuo, kulikuwa na kibao chenye maandishi mekundu: KAGWIRIA CHAPO NA MADONDO, yaani chapati na maharagwe. Kagwiria lilikuwa jina lake la ndoa. Kwao Kiambere, kwenye joto na mbuzi, alizaliwa Ciakuthii binti Ngari, lakini siku alipoletwa huku Meru mama mkwe wake alimshika mikono yote miwili mbele ya wageni akasema kuanzia leo huyu ni Kagwiria, mleta furaha. Ndiyo desturi ya huku, mwanamke aingiaye nyumba mpya huingia na jina jipya. Ciakuthii alilipenda jina hilo kuliko leso zote alizofunikwa siku hiyo. Mchoraji alipolipaka kwenye kibao, akawa analitazama kila asubuhi akisukuma chapati, mpaka mkono wake ukajua kuliandika bila kuuliza kichwa.

Alikuwa na sababu ya kulishikilia. Maneno ambayo mkono wake ulijua kuandika hayakuwa mengi.

Aliacha shule darasa la tano, muhula wa kwanza, mama yake alipoanguka akashindwa kuamka kitandani na mtoto mchanga akiwa pembeni. Hakuna aliyemfukuza shuleni. Alikosa wiki moja, zikawa mbili, kisha akaona aibu kurudi kwa sababu wenzake walikuwa wameshafika kwenye hesabu asizozijua. Basi akabaki na mbuzi.

Aibu ile ya mtoto ingeisha yenyewe kama si swali moja. Mama mkwe wake alikuwa mwalimu mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja aliwafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mwanawe. Jioni ya kwanza, chai ikiwa mezani, Mwalimu alimuuliza kwa upole, "Na wewe mwari, masomo ulifika wapi?" Ciakuthii alikiangalia kikombe chake akasema alimaliza la nane.

"Si haba," Mwalimu akasema. "Kichwa kikiwa sawa, la nane inatosha."

Uongo huo ulikuwa mdogo, wa neno moja tu, lakini aliulisha kwa miaka minne. Kanisani alifungua kitabu cha nyimbo pale alipoona jirani yake amefungua. Ujumbe ukiingia kwenye simu, aliwapa wanafunzi wamsomee akisingizia kwamba kioo kimepasuka. Binti yake Gatwiri, aliyepewa jina la Mwalimu mwenyewe, alipoanza kumletea vitabu vya picha alimrudisha kwa nyanya yake. "Mpelekee Cucu. Cucu ndiye mwalimu." Na mtoto alikwenda mbio na kitabu chake, naye akabaki akiupiga unga kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

Mumewe, Mutegi, alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa kule Embu. Alipanga chumba mtaa wa Majimbo na kurudi Nchiru kila Ijumaa. Ijumaa moja alirudi na karatasi ya rangi, picha ya gari jipya lililoinuka juu, la viti saba, jeupe kama maziwa. Chini yake palikuwa na maandishi makubwa ambayo Mutegi aliyasoma kwa sauti ya mhubiri: gari la familia, malipo ya kwanza kidogo, riba nafuu ya asilimia sita, mpaka mwisho wa mwezi tu.

Walikuwa wakichambua maharagwe pamoja. Mutegi alieleza jinsi mahali pengine wanavyotoza riba ya kumuua mtu, na kwamba wenye duka la magari wenyewe ndio waliopatana na benki ili wauze. Akaokota maharagwe mabovu matatu, akayatupa, akasema bila kuinua uso kwamba jina lake halipiti. Alikuwa amechukua mikopo ya simu mwaka juzi na hakuilipa, sasa kila benki ikibonyeza jina lake inaona wekundu. Lakini simu ya Ciakuthii, ambako wanafunzi hulipia chapati kila siku, ilikuwa safi, pesa zinaingia Jumatatu hadi Jumapili.

"Gari litaandikwa kwa jina lako," akasema. "Ila usimwambie Mama ni kwa nini."

Kwa hiyo Mwalimu aliambiwa jambo lingine. Aliambiwa kwamba Mutegi ameamua kuliandika gari kwa jina la mke wake ili kumheshimu mama wa mtoto wake. Mwalimu alitoa kitambaa akafuta macho. Kabla jua halijatua, akina mama wote wa kanisa walikuwa wameshajua ni mwana wa namna gani aliyemlea.

Ciakuthii aliwahudumia chai wakimpongeza. Kila mkono aliopewa aliupokea kwa kuinama kidogo zaidi ya inavyostahili.

Jumamosi iliyofuata walikwenda Embu wote. Mwalimu alisema gari la familia haliwezi kununuliwa bila yeye kuliwekea mkono na kuliombea. Muuzaji, kijana mmoja mcheshi aitwaye Njue, aliwafungulia milango yote mitano. Gatwiri akapanda moja kwa moja mpaka viti vya nyuma kabisa, akafunga mkanda, akatangaza kwamba yeye hashuki.

"Huyu ameshanunua," Njue akasema. "Sasa ni nyinyi tu mmebaki."

Wakacheka. Njue akamwambia Mutegi waliendeshe gari kidogo wasikie injini, na kwa kuwa mtoto alikataa kushuka, wakaondoka naye. Ciakuthii na Mwalimu wakaelekezwa kwenye meza ya mikopo, kwa mwanamke aliyekuwa na kibandiko kifuani kilichoandikwa Njoki. Njoki alimpa Ciakuthii fomu ya kurasa nne, za Kiingereza, zenye herufi ndogo kama mchanga.

"Soma yote pole pole, mama. Ukimaliza utie sahihi mahali nimeweka alama."

Kisha akainuka kwenda kutoa nakala ya kitambulisho.

Ciakuthii aliishika fomu. Kiswahili angejikongoja nacho, herufi kwa herufi, akiwa peke yake. Kiingereza hiki hapana. Alihisi macho ya Mwalimu begani kwake, macho yale yaliyozoea kusimama nyuma ya mtoto na kungoja. Akasema neno la kwanza lililomjia mdomoni.

"Nimesahau miwani, Mama."

Mwalimu akamgeukia. "Tangu lini unavaa miwani?"

"Juzi tu. Macho yananiuma na moshi."

Mwalimu akamtazama kidogo. Halafu akavua miwani yake mwenyewe, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa ncha ya leso, akamnyooshea. "Tumia yangu."

Kitu ambacho mama mkwe wako amekivua usoni pake hukikatai. Ciakuthii aliivaa. Fomu yote ikavimba na kuyeyuka, herufi zikaogelea kama mahindi kwenye sufuria ya githeri inayochemka, na kichwa kikaanza kumzunguka. Akajilazimisha kuinamisha uso. Alihesabu moyoni mpaka mia, akafungua ukurasa. Akahesabu tena mpaka mia, akafungua mwingine. Pembeni yake Mwalimu alikaa mikono mapajani, macho yake madogo na matupu bila vioo, akipepesa.

"Wanasema nini kuhusu riba?" Mwalimu akauliza. "Mimi bila hiyo miwani sioni hata kidole changu."

"Ni sita, Mama. Vile Baba Gatwiri alisema."

"Wameandika hivyo?"

"Wameandika."

Akachukua kalamu. Mkono wake ulifanya kile kitu kimoja ulichojua. Kagwiria, akaandika. Kagwiria. Kagwiria. Njoki aliporudi alimuuliza kama amesoma yote akaelewa, naye akaitikia kwa kichwa. Akamrudishia Mwalimu miwani yake ikiwa na alama za vidole vyenye jasho, na Mwalimu akaifuta tena.

Kesho yake kanisani Mwalimu alisimama wakati wa matangazo. Aliwaomba waumini waiweke familia yake katika maombi kwa sababu Bwana ametenda, na Jumapili ijayo gari litakuwa pale nje kwa shukrani. Watu wakapiga makofi. Ciakuthii alikuwa amefungua kitabu cha nyimbo, akayaangalia yale maneno asiyoyasoma.

Jumanne, katikati ya foleni ya saa saba, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Njoki. Alisema fomu zimerudishwa na benki. Kitambulisho kinasema Ciakuthii na sahihi ya kitambulisho ni Ciakuthii, lakini fomu imetiwa sahihi na mtu mwingine. "Kagwiria ni nani?" akauliza. "Na mahali pa tatu pale, mama, palikuwa pa shahidi. Umejishuhudia mwenyewe." Alimtaka aje kabla ya Ijumaa, la sivyo ile riba nafuu itampita.

Mafuta yalikuwa yakichemka na mwanafunzi mmoja alikuwa akiuliza kama madondo yameisha. Ciakuthii alisema, "Ni mimi. Kagwiria ni mimi." Lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Jumatano alifunga kibanda, akamwambia Mwalimu anakwenda kutafuta unga wa bei nzuri, akaenda Embu. Ukawa uongo wa ngapi hata yeye hakujua tena. Hata Mutegi yeye hakumwarifu. Mfukoni alikuwa na karatasi ambayo usiku kucha alijaribu kuandikia lile jina lake la kwanza. Mara ya mwisho kuliandika ilikuwa siku ya kitambulisho, na hata hapo karani wa chifu alimwandikia kwanza kwenye kipande cha gazeti ili anakili.

Njoki alikuwa mezani pake. Aliweka kitambulisho mbele yake, akakisoma, akainua uso.

"Ciakuthii. Wewe ni wa Mbeere?"

Akaitikia. Njoki akabadilisha lugha papo hapo, akamuuliza kwa Kimbeere ni wa upande gani, akasema mama yake mwenyewe anatoka si mbali na Kiambere. Tangu alipoolewa Ciakuthii alikuwa akiisikia lugha hiyo kwenye simu tu. Njoki akamsogezea fomu mpya na kalamu, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.

Kalamu haikusogea.

"Sijui kuisoma," Ciakuthii akasema kwa sauti ya chini. "Nisomee."

Wakati huohuo Njue alikuwa akipita na wateja wawili, akiwaonyesha lile gari jeupe na kuwachekesha. Njoki hakusikia. "Unasema?"

Ingekuwa rahisi kusema hakuna kitu. Alikuwa amesema hakuna kitu miaka minne. Alihisi uso ukimwiva mpaka masikioni.

"Nimesema sijui kusoma hii. Niliacha la tano. Naomba unisomee."

Safari hii sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Njue akanyamaza katikati ya sentensi. Wale wateja, mwanamume na mke wake waliovaa vizuri, waligeuka wakamtazama, kisha wakatazama pembeni haraka, jambo lililokuwa baya zaidi. Ciakuthii alikaza macho kwenye mkono wa Njoki. Mkono huo ulifungua ukurasa wa kwanza, ukaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, na Njoki akaanza kumsomea, Kiingereza kikigeuka Kimbeere, bila haraka.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa majina na bei. Wa pili ulikuwa bima. Kwenye ukurasa wa tatu Njoki alisoma kwamba riba ya asilimia sita ni ya mwaka wa kwanza. Kuanzia mwaka wa pili mpaka wa nne itakuwa asilimia kumi na tisa.

Ciakuthii akamsimamisha. Akamwomba arudie. Njoki akarudia.

"Mbona hamkutuambia?"

"Imeandikwa hapa," Njoki akasema. Hakuwa mkali. "Jumamosi nilikuuliza kama umesoma ukaelewa. Uliitikia kwa kichwa, ndiyo."

Ni kweli, aliitikia. Alikaa pale akiona tena picha yote kama ilivyokuwa. Mtu mmoja tu wa familia pale mezani angeweza kusoma ule ukurasa wa tatu na kuuelewa, naye alikuwa amekaa pembeni yake akipepesa macho, kwa sababu miwani yake ilikuwa imevaliwa na asiyejua kusoma.

Aliuliza ni kiasi gani kitatoka kila mwezi baada ya mwaka wa kwanza. Njoki akabonyeza kikokotoo akamwonyesha. Ciakuthii hakuhitaji kusomewa tarakimu, kwa hesabu za kibanda alikuwa hodari. Zilikuwa chapati za mwezi mzima, na maharagwe yote, na kodi ya chumba cha Majimbo juu yake.

"Niandikie," akasema. "Kwa Kiswahili. Herufi kubwa."

Njoki akachukua karatasi tupu, akaandika mistari sita kwa wino mweusi. Akasema akikubali, arudi kabla ya Ijumaa jioni atie sahihi kwa jina la kitambulisho. Akikataa asirudi, na hatadaiwa chochote.

Nje ya duka alimpigia Mutegi. Mutegi alimsikiliza, akasema hizo ni karatasi tu, kila mtu anatia sahihi, mwaka wa pili watajua mbele kwa mbele. Ciakuthii alipomwambia atamwonyesha Mwalimu ile karatasi, sauti ya mumewe ikabadilika, ikawa ndogo.

"Mama Gatwiri, ukimwambia ataniuliza kwa nini si jina langu. Niache na heshima yangu kidogo."

"Sitamwambia yako," akasema. "Nitamwambia yangu."

Hakulala vizuri. Alhamisi alasiri Mwalimu alikuja kibandani kumchukua Gatwiri kama kawaida, akaketi kwenye benchi, akaomba chai. Wasichana wawili wa chuo walikuwa wakingoja chapati. Ciakuthii alitaka kungoja waondoke, halafu akajijua kwamba wakiondoka hatasema. Akajifuta mikono. Akaiweka karatasi ya Njoki juu ya meza, mbele ya Mwalimu, na kabla mama yule hajaigusa akasema kila kitu kwa mfululizo, akiangalia miguu ya meza. Kwamba hakumaliza la nane. Kwamba alifika la tano. Kwamba hana miwani na hajawahi kuwa nayo. Kwamba siku ile pale Embu hakusoma neno hata moja, na aliposema wameandika sita hakujua wameandika nini.

Mmoja wa wale wasichana akaanza kuangalia simu yake kwa bidii.

"La tano," Mwalimu akasema mwishowe.

"Muhula wa kwanza, Mama."

"Miaka minne unanitengea chai na huo uongo uko kwa sinia."

"Ndiyo, Mama."

"Na nikakupa macho yangu. Nikakaa pale kama kipofu." Ciakuthii akaelewa kwamba Mwalimu naye aliona aibu, tena mbichi. "Mimi nimewatoa watoto wa watu gizani hapa Nchiru yote. Ungeniambia siku ya kwanza, saa hii ungekuwa unasoma gazeti. Ulidhani nitakufanya nini?"

Ciakuthii hakuwahi hata kufikiri zaidi ya kikombe kile cha chai.

"Na kanisani nimesimama," Mwalimu akaendelea, kama anajisemea. "Kwa nini basi walitaka jina lako? Wewe usiyesoma?"

"Hilo muulize Mutegi, Mama."

Kitu kikamwingia Mwalimu, kikakaa, na mabega yake yakashuka kidogo. Hakuuliza tena. Aliinua mkono kama anayetaka kuichukua ile karatasi, Ciakuthii akaisogeza karibu naye. Lakini mkono ule ulikwenda usoni. Mwalimu alivua miwani, akaikunja, akaitia kwenye kasha lake, na kasha likafungwa kwa mlio.

"Sina macho leo," akasema. "Nisomee."

"Mama, kuna wateja."

"Wateja wamesoma hao. Watangoja."

Ciakuthii akaishika karatasi. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Harufu ya chapati inayoungua ikaanza kupanda kutoka kwenye kikaango nyuma yake, naye akageuka nusu.

"Acha iungue. Soma."

"Kwa," akasoma. "Kwa Cia. Ku. Thii."

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi."

Mwalimu akakaa na neno hilo kidogo, neno ambalo yeye mwenyewe alilifunika kwa jingine mbele ya wageni. "Ciakuthii," akalirudia, akilijaribu mdomoni. "Haya. Endelea."

"Ma-li-po. Malipo ya mwa-ka. Malipo ya mwaka wa kwa-nza, ri. Riba. Sita." Akakibonyeza kidole kwenye karatasi. Wale wasichana hawakucheka. Mmoja wao alikuwa amesogea kimya akatoa chapati iliyoungua motoni. "Mwaka wa pi-li. Mpaka wa nne. Riba. Asi-li-mia ku-mi na ti-sa."

"Rudia."

Alirudi mwanzo wa mstari.

"Mwaka wa pili mpaka wa nne, riba asilimia kumi na tisa."

Mwalimu akaguna, kama alivyokuwa akiwagunia watoto wa watu kwa miaka thelathini na mmoja.

"Mstari unaofuata," akasema.